Mwaka wa postidoki ya forensiki: una faida au ni kupoteza muda tu?

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Mi ni Mtanzania, nasoma PsyD (doktoreti) ya saikolojia ya kliniki Marekani, saa hizi niko intanishipu kwenye hospitali moja ya jimbo. Kazi ninayoitaka ni za mahakamani. Profesa wangu anasisitiza niombe postidoki ya forensiki ya mwaka mmoja, wenzangu darasani wanasema huo ni mwaka wa kulipwa kiduchu kwa kazi ileile ambayo ningeifanya nikiwa muajiriwa. Je ni lazima? Nikiomba niangalie nini? Na siku nikirudi Bongo itanisaidia kitu?"

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, ila umeuliza matatu kwa mpigo kwahiyo vumilia nitazunguka kidogo.

Kwa wasioijua, postidoki ya forensiki, wengine wanaiita feloshipu na anayeifanya ni felo, ni mwaka wa mafunzo baada ya doktoreti wa kujifunza kuwapima watu kwa ajili ya mahakama. Lazima? Kisheria hapana. Leseni utakayopewa na jimbo ni ya saikolojia tu, kwenye majimbo mengi hakuna leseni inayoitwa ya forensiki, utafanya mtihani wa leseni wa EPPP kama kila mtu na utakamilisha masaa yako ya kusimamiwa basi. Majimbo mengi bado yanadai sehemu ya hayo masaa uyafanye baada ya kupata doktoreti, kwahiyo wenzio wanaosema unapoteza mwaka wakumbushe kwamba na wao huo mwaka watakuwa chini ya msimamizi vilevile, tofauti ni nani anawasimamia na anawafundisha nini. Alafu kuna majimbo yana cheti chao juu ya leseni, Massachusetts kwa mfano wana kitu kinaitwa Designated Forensic Professional, huna hicho hufanyi zile tathmini za mahakama kwa niaba ya serikali yao. Na kuna ABFP, bodi ya Marekani ya saikolojia ya forensiki, hii ilianza 1978 na iko chini ya ABPP, bodi mama ya wanasaikolojia wabobezi, ndo inayotoa ile hadhi ya juu kabisa kwenye fani. Wao wanataka masaa 100 ya mafunzo ya forensiki na masaa 1,000 ya kazi yaliyotandazwa kwenye miaka isiyopungua 5 baada ya doktoreti, ila ukiwa umepita kwenye feloshipu ya muda wote ya masaa 2,000 wanayoitambua hilo sharti la miaka linalegezwa. Hapo tu kwa mtu mwenye haraka mwaka umeshajilipa.

Lakini mi sikushauri uende kwa sababu ya bodi. Nakushauri kwa sababu moja, kule shule hamfundishwi kuandika kwa ajili ya hakimu, na intanishipu hata ikiwa nzuri vipi inakugusisha tu. Mnafundishwa kumsikiliza mgonjwa, kumhurumia, kumpa jina la ugonjwa wake na kupanga matibabu. Sasa ukiingia forensiki yule aliyekaa mbele yako si mgonjwa wako. Aliyekutuma ni mahakama, au wakili, na jambo la kwanza unalomwambia kabla hujamuuliza hata jina la mama yake ni kwamba mimi si daktari wako, sikutibu, utakayoniambia naweza kuyaandika na yakasomwa mbele ya hakimu, umenielewa? hebu nirudishie kwa maneno yako. Halafu unasikiliza kama kweli kaelewa, na alichokujibu unakiandika. Wengi wanaotoka kliniki hii inawasumbua miezi kabisa, maana mtu analia mbele yako na mkono wako wa tiba unataka kunyooka. Na sio adabu tu hii. 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Estelle v. Smith ilikubali hukumu ya kifo ya mtu ifutwe kwa sababu daktari alimpima kama ana uwezo wa kusimama kesini, hakumuonya, alafu yaleyale mazungumzo yakaja kutumika kuwashawishi jury, wale raia wanaoamua kesi, wamuue. Kwenye feloshipu nzuri kesi za namna hii mnazisoma kila wiki, semina nzima, moja baada ya nyingine.

Na ukizisoma ndo unaanza kuona kwanini swali la kisheria linakuja kwanza na saikolojia inafuata nyuma. Chukua hii ya Dusky ya 1960, ni ukurasa mmoja tu lakini imebeba kazi yote utakayoifanya asubuhi hadi jioni. Inauliza je huyu mtu SASA HIVI ana uwezo wa kutosha wa kushauriana na wakili wake kwa akili timamu kiasi, na anaielewa kesi yake, sio kukariri tu kwamba jaji anakaa pale mbele. Angalia, haijauliza ana skizofrenia au hana. Mtu anaweza kuwa anasikia sauti toka asubuhi na bado akajua anashtakiwa nini, ofa ya mwendesha mashtaka ni ipi na kwanini aikatae. Mwingine hana ugonjwa wowote wa kuandikwa ila uelewa wake ni mdogo kiasi kwamba wakili anaongea peke yake. Swali la wazimu wakati wa tendo ni jingine kabisa, lile linakurudisha nyuma, siku ile saa ile akili yake ilikuwaje, na hapo unafanya kazi ya mpelelezi kabisa, unatafuta ripoti ya polisi, rekodi za hospitali, simu kwa dada yake, video kama ipo, maana maelezo ya mshtakiwa peke yake miezi minane baadae hayatoshi. Felo mpya ukimpa faili anayachanganya haya mawili. Anaandika kurasa kumi na nne tamu kabisa za historia ya utotoni, mwisho anasema mshtakiwa ana bipola hivyo hana uwezo. Hivyo? hiyo "hivyo" imetoka wapi?

Thomas Grisso, huyu mwanasaikolojia wa UMass (Chuo Kikuu cha Massachusetts) ambaye jina lake utalisikia mpaka ulichoke, 2010 alichapisha uchambuzi wa ripoti za watahiniwa ambazo wakaguzi wa ABFP walizikataa. Hawa ni wanasaikolojia wenye leseni na uzoefu, wanaomba hadhi ya juu, sio watoto. Kosa lililoongoza halikuwa kuchagua kipimo kibaya wala kukosea hesabu, ilikuwa ni kutoa maoni bila kueleza yametokana na nini. La pili kwa karibu lilikuwa swali la kisheria halikuwekwa wazi. Basi huo mwaka kazi yake kubwa ndo hiyo, kukufundisha kujaza hilo pengo kati ya nilichokiona na ninachosema. Msimamizi mzuri anakurudishia ripoti ya kwanza imejaa wino mwekundu, ya pili vilevile, unaandika upya mara nne, na kila sentensi anakuuliza umejuaje? nani kakwambia? hii inamsaidia nini hakimu? Mambo ya kwamba aliwahi kutoa mimba 2009 yanaingiaje kwenye kesi ya wizi wa gari? futa. Ripoti ya forensiki sio kapu la kwenda nalo sokoni kwamba kila ulichokiona unatia. Inauma lakini hakuna njia nyingine, na muajiriwa hapati hiyo, muajiriwa anapewa mafaili na tarehe ya mwisho, msimamizi wake anasaini kwenye mstari na kukimbilia kikao kingine.

Kitu kingine ni kizimbani. Programu nzuri zinakuwekea mahakama ya mazoezi, wanaleta mawakili wa kweli, anakushika na ripoti yako mwenyewe anaisoma kwa sauti neno kwa neno alafu anakuuliza daktari ulikaa na mteja wangu dakika ngapi, na hizo kurasa 600 za rekodi ulizisoma zote? Maswali ya dodoso ukishayapata mara moja ukaloa jasho hutakaa uandike "inaonekana wazi kwamba" tena maisha yako yote. Unajifunza pia kusema sijui, unajifunza kunyamaza baada ya jibu, unajifunza kwamba kwenye mahakama za shirikisho kanuni ya ushahidi namba 704(b) inakukataza shahidi mtaalamu kusema moja kwa moja kwamba mshtakiwa alikuwa au hakuwa na ile hali ya akili inayotengeneza kosa. Hiyo iliingia 1984 baada ya yule kijana Hinckley aliyempiga risasi Reagan kuonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu 1982, wananchi wakachachamaa, bunge likabana sheria. Wanasaikolojia wenyewe kukubalika kizimbani kutoa maoni juu ya ugonjwa wa akili ilibidi ipiganiwe, kesi ya Jenkins ya 1962 kule Washington ndo ilifungua mlango, kabla ya hapo mahakama nyingi zilitaka daktari wa tiba tu. Kumbuka hili nitalirudia nikifika nyumbani.

Na kuna upendeleo. Hapa sisemi rushwa. Mtafiti Daniel Murrie na wenzake 2013 walichukua wataalamu zaidi ya 100, wakawapa mafaili yaleyale, wengine wakaamini wameajiriwa na upande wa mashtaka, wengine utetezi. Alama za hatari zikapanda kwa waliodhani wanalipwa na mashtaka, zikashuka kwa wale wa utetezi, hasa kwenye vipimo vinavyoacha nafasi ya maoni ya mtu kama ile PCL-R ya saikopathi. Watu waaminifu kabisa hao, hawakujua kama wanafanya. Sasa mtu asiyewahi kukaa na msimamizi akamuonyesha alama zake zinavyoinama kwa aliyemuita, huyo anaenda kuharibu maisha ya watu na usiku analala vizuri.

Vipimo vyenyewe sitavichambua sana. HCR-20 ya hatari ya vurugu, Static-99R kwa makosa ya ngono, MacCAT-CA ya uwezo wa kusimama kesini, TOMM na SIRS-2 kwa wanaojifanya wagonjwa, MMPI na PAI za haiba, utavikuta kila mahali na vingine umeshavigusa. Hivyo unaweza kujifunza hata kwa warsha za wikendi. Usichague programu kwa urefu wa orodha ya vipimo.

Haya, kuchagua sasa. Majina utayasikia, UMass Chan kule Worcester, taasisi ya sheria na saikayatria ya Chuo Kikuu cha Virginia pale Charlottesville ambako huyo Murrie yupo, Patton State Hospital ya California ambayo wagonjwa wake karibu wote wameletwa na mahakama, Western State ya jimbo la Washington. Hii ya mwisho inafundisha na upande mwingine wa hii fani, kwamba kuna njaa ya wataalamu. 2015 mahakama ya shirikisho kwenye kesi ya Trueblood iliamua kwamba kuwaacha watu jela wiki na miezi wakisubiri kupimwa uwezo wao wa kusimama kesini ni kuvunja katiba, ikaweka ukomo wa siku, jimbo likashindwa kuufikia likapigwa faini za mamilioni ya dola. Kwahiyo kazi zipo mdogo wangu, ila pia ina maana kuna sehemu felo ni mkono wa kupunguza foleni tu. Hilo ndo la kuchunguza. Ukifika kwenye intavyuu usiulize kuhusu mandhari ya mji, uliza ripoti ngapi kwa mwezi na kila ripoti inasomwa na nani kabla haijatoka, uliza felo aliyepita alisimama kizimbani kweli au aliangalia wenzie tu, uliza msimamizi anakaa ndani ya chumba unapohoji au anasubiri karatasi ofisini. Omba kuongea na felo wa sasa bila bosi kuwepo. Kama anasita kujibu swali la ripoti ngapi, umeshapata jibu. Na tazama aina za tathmini, sehemu nyingine mwaka mzima ni uwezo wa kusimama kesini tu, nyingine utapata na watoto, na madai ya fidia, na kumpima mtu kama yuko tayari kutoka hospitali. Mi ningechagua sehemu ya ripoti chache zinazochanwa kuliko nyingi zinazopita.

Suala la viza, hapa wengi wetu tunajikwaa na maprofesa wazawa huwa hawaliwazi kabisa. Magereza ya shirikisho wanataka uraia, usipoteze muda kuomba. Kama uko kwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ile OPT (ruhusa ya kufanya kazi ukimaliza masomo) ya miezi 12 ndo itakayobeba huo mwaka, kwahiyo panga tarehe ya kumaliza shule na ya kuanza feloshipu visiachane, nyingi zinaanza Agosti au Septemba na ukikaa bila kazi siku 90 ukiwa kwenye OPT imekula kwako. Na ukitaka kubaki baada ya hapo kumbuka waajiri walio chini ya vyuo vikuu hawaingii kwenye ile bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B ya kila mwaka, hospitali ya jimbo peke yake inaweza isiwe na hiyo nafuu. Uliza hili kwa maandishi, kwa ofisi ya rasilimali watu sio kwa mkurugenzi wa mafunzo, mkurugenzi atakwambia tutaona.

Upande wa lugha una mtaji ambao hujautaja. Wakongomani wengi sana wamepokelewa Marekani kama wakimbizi na Kiswahili kimekuwa lugha ya kila siku kwenye mahakama za miji ambayo zamani hawakuwahi kusikia hata salamu yake. Mshtakiwa anaulizwa kazi ya jury ni nini, anakaa kimya, mtathmini anaandika haelewi. Wapi angeielewa? Alikotoka jaji ndo anaamua. Huyo unamfundisha, unamwacha, unamrudia siku nyingine kuona kama kashika, hapo ndo unapima uwezo, ile ya kwanza ulikuwa unapima jiografia. Vilevile mtu akikwambia karogwa na shemeji yake au ana jini, usikimbilie kuandika delusheni, yaani imani potofu ya ugonjwa wa akili, na usikimbilie kuandika ni utamaduni tu pia. Muulize ndugu yake au mchungaji wake au shehe wake, hili analolisema kwenu ni la kawaida hivi? Mara nyingi ndugu mwenyewe atakwambia hapana daktari, majini tunayajua, huyu anaumwa. Ila angalia mtego, watakuomba ukatafsiri kwenye tathmini za wenzio kwa sababu upo na ni bure. Kataa kwa heshima, huwezi kuwa mkalimani asubuhi na mtaalamu mchana kwenye jengo lilelile. Na usije ukakigeuza kipimo cha Kiingereza kuwa Kiswahili kichwani mwako alafu ukaziita zile alama halali, kwanza Kiswahili cha Bukavu na cha Temeke sio kimoja, na wale waliotumika kutengenezea viwango vya alama hawakuwa kina sisi.

Sasa Bongo. Kwa ukweli hakuna kiti kilichoandikwa forensiki kinakusubiri. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mahakama ikiona shaka juu ya akili ya mshtakiwa inampeleka hospitali ya akili na ripoti inaandikwa na daktari, mwanasaikolojia hatajwi. Wengi wanaishia Isanga pale Dodoma, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Kenya nao wanapeleka hospitali ya Mathari, ila wao angalau toka 2014 wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia inayowatambua. Kwahiyo hapa nyumbani tuko pale Wamarekani walipokuwa kabla ya Jenkins. Lakini swali la wazimu kwenye Kanuni ya Adhabu, yetu na ya Kenya, lina mizizi kwenye kesi ya M'Naghten ya Uingereza ya 1843 tuliyorithi kwa Mwingereza, mantiki utakayojifunza huko ndo hiyohiyo, na kwetu kosa la kuua kwa kukusudia adhabu iliyoandikwa ni kifo, kwahiyo hiyo ripoti ya kurasa chache ndo inabeba uhai wa mtu. Vipimo vya huko vingi havitakufaa, unaweza kuviacha airport. Kitakachokufaa ni ile nidhamu ya kujibu swali lililoulizwa na kuonyesha njia uliyopita, na hiyo unaweza kwenda nayo Isanga ukakaa na daktari wa hapo mkaandika pamoja, ukawafundisha mawakili wa utetezi ni nini cha kuuliza, ukaandika ripoti za waomba hifadhi kwa kufuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza na kuandika dalili za mateso, ambayo haijali kama uko Dar au Nairobi. Hakuna atakayekupa cheo, itabidi ujipenyeze.

Mimi ningeomba, sehemu tano au sita sio ishirini. Na kitu kinachoangusha watu sio CV, ni ripoti ya sampuli, maana karibu wote wataitaka na maombi mengi yanafungwa Desemba na Januari. Wiki hii chagua moja ya uwezo wa kusimama kesini uliyoiandika hapo intanishipu, omba ruhusa ya hospitali, futa jina, umri kamili, mji, tarehe, kila kinachoweza kumtambulisha mtu, alafu soma kila aya ya maoni na ujiulize umejuaje. Ukimaliza mpe mtu ambaye sio mwanasaikolojia, kama una rafiki anasoma sheria mpe yeye, na muombe apigie mstari kila sehemu aliyopotea.